Mashine za gemu za zamani Baraka: madini ya Kivu yanavyorudi mikononi mwa fundi

BARAKA, Fizi – Katika mji wa Baraka na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mashine ya gemu iliyokataa kuwaka haitupwi upesi. Hupelekwa kwa fundi wa redio na simu, au hufunguliwa nyumbani na kijana mwenye bisibisi na subira. Nyingi ya mashine hizo zina umri wa miaka 20 na zaidi. Zilitengenezwa Asia, viwanda viliacha zamani kutoa vipuri vyake, na hakuna duka la kampuni ambako mtu anaweza kuzirudisha. Wa kuziponya ni yule aliye karibu.

Kazi hiyo ina historia, na historia yenyewe inagusa ardhi ya Kivu moja kwa moja. Fundi anayefungua mashine ya gemu juu ya mkeka ana mbele yake bati, ambalo hapa linachimbwa kwa jina la kasiterite. Ana dhahabu, kama ile inayotolewa Misisi. Katika mashine nyingine ana pia tantali, inayotoka ndani ya koltani. Hakuna awezaye kuapa kwamba chembe fulani ya dhahabu ndani ya mashine fulani ilitoka kwenye shimo fulani la Fizi. Lakini madini ni yale yale, na safari yake inajulikana: yanaondoka yakiwa ndani ya gunia, yanarudi baada ya miaka yakiwa ndani ya mashine iliyochoka.

Redio ilikuwa shule ya kwanza

Kabla ya gemu kulikuwa na redio. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani, na kufikia miaka ya 1960 redio ndogo za betri zilikuwa zimeanza kuenea Afrika. Kwa wakaaji wa Fizi, ambako magazeti hayafiki na barabara hukatika kila masika, redio ilikuwa njia ya kujua nani ameshika mji gani. Baadaye zilikuja Radio Kwizera, iliyoanza mwaka 1995 huko Ngara, Tanzania, na Radio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo Februari 2002.

Redio zilipoharibika zilihitaji mtu wa kuzifungua. Ufundi huo una kanuni moja: fuata njia ya umeme, kuanzia betri mpaka kwenye spika, na mahali njia inapokatika ndipo penye ugonjwa. Fundi aliyeshika kanuni hiyo kwenye redio hakuona mashine ya gemu kama mgeni. Aliona tu njia ndefu zaidi.

Mashine za gemu zilizofika mapema katika masoko mengi ya Afrika hazikuwa za Nintendo wala Sony. Nintendo ilitoa mashine yake ya Famicom nchini Japan tarehe 15 Julai 1983. Miaka michache baadaye viwanda vya Taiwan, kisha vya China, vilianza kuiiga. Kwanza waliiga vipande kimoja kimoja, halafu wakakusanya karibu kila kitu ndani ya kipande kimoja kilichofunikwa kwa tone jeusi la gundi ngumu. Huko Urusi nakala hizo ziliuzwa kuanzia 1992 kwa jina la Dendy. Kwingineko ilienea PolyStation, yenye umbo la PlayStation ya Sony kwa nje na Famicom kwa ndani. Nyingi ziliuzwa na kaseti zilizoandikwa kuwa zina mamia au maelfu ya michezo, kumbe ni michezo michache iliyorudiwa rudiwa kwa majina tofauti.

Nakala hizo zilikuwa dhaifu, lakini zilifundisha. Umeme unaingia kwa volti 9 au karibu na hapo, unapita kwenye kidhibiti kidogo chenye miguu mitatu kilichoandikwa 7805, na unatoka ukiwa volti 5. Fundi anapima kabla ya kidhibiti na baada yake. Kama kabla kuna umeme na baada hakuna, ugonjwa umeonekana, na dawa yake inapatikana katika redio au chaja yoyote mbovu yenye kidhibiti cha aina hiyo.

Ugonjwa mwingine wa kila siku ni waya wa manete. Mtoto huuvuta anapocheza, na nyuzi hukatika ndani ya ngozi ya waya, karibu na mahali unapoingilia kwenye manete. Kwa nje hauonyeshi jeraha lolote. Fundi hukata sentimita chache, huunga upya kila rangi na rangi yake, na manete inafufuka ikiwa na mkia mfupi kidogo. Tone jeusi lenyewe likifa hakuna dawa. Hapo mashine inakuwa ghala la vipuri.

Vita, kambi na boti

Kizazi cha pili cha mashine hizi kilizaliwa katika miaka mibaya kwa Fizi. Sony ilitoa PlayStation ya kwanza nchini Japan tarehe 3 Desemba 1994. Chini ya miaka miwili baadaye, mwaka 1996, vita vilianza Kivu Kusini, na watu wa Fizi kwa maelfu wakavuka ziwa kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo. Vita vya pili vilikuja Agosti 1998, na mauaji ya Makobola mwishoni mwa mwaka huo yakawasukuma wengine wengi kwenye maji.

Kurudi kulianza rasmi Oktoba 2005, pale shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilipoanza kuwasafirisha Wakongomani kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Miongoni mwa waliorudi walikuwemo vijana waliokulia kambini, wenye Kiswahili cha Tanzania na ufundi walioupata huko. Bandari ya Baraka ikafunguka tena kwa biashara, na pamoja na sabuni, nguo na mabati, vyombo vya umeme vilivyokwisha kutumika navyo vikaingia, kwa maji na kwa barabara ya Uvira.

Kuvuka mpaka kulileta ugonjwa ambao haukuwa ndani ya mashine. Zaire ilichagua mfumo wa televisheni wa SECAM, uliobuniwa Ufaransa. Tanzania ilichagua PAL, uliobuniwa Ujerumani. Mashine ya gemu ya PAL ikiunganishwa na televisheni ya zamani inayoelewa SECAM peke yake, picha inatokea bila rangi. Wengi walidhani mashine imeharibika na wakalipa bure. Fundi mzoefu huangalia televisheni kwanza: kama ina chaguo la mifumo, hubadilisha pale pale, kama haina, hujaribu mashine kwenye televisheni nyingine kabla ya kugusa skrubu hata moja.

Volti nazo zina mipaka yake. Mashine iliyouzwa Japan ilitengenezwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa 120. Umeme wa Kongo ni 220. PlayStation ya Japan ikichomekwa moja kwa moja kwenye 220 hutoa mlio mmoja na harufu ya kuungua. Mara nyingi kinachokufa ni fyuzi na vipande vya mwanzo vya njia ya umeme, na sehemu nyingine zote hubaki nzima. Ndiyo sababu fundi husoma kibandiko cha chini kabla ya kitu kingine. Kibandiko kimeandika volti, na herufi za modeli zinaeleza mashine ilitengenezwa kwa soko gani.

Umeme wa kubahatisha

Katika Baraka wakaaji wengi hutegemea paneli za jua, betri na jenereta. Umeme wa namna hiyo huua mashine za gemu kuliko uzee. Jenereta ndogo hupanda na kushuka kila mtu anapowasha au kuzima pasi au kinu. Konvertiseri ya bei ndogo, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa 220, haitoi wimbi laini kama la mtambo mkubwa, na chaja za zamani zenye transfoma hunguruma na kupata joto zinapolishwa nayo.

PlayStation 2 nyembamba, iliyotoka mwaka 2004, ina hatari yake ya pekee. Modeli za kwanza hazina transfoma ndani. Zinapokea volti 8.5 kutoka kwa chaja ya nje. Mwenye betri ya gari ya volti 12 huona tofauti ni ndogo na kushawishika kuunganisha waya moja kwa moja. Tofauti hiyo inatosha kuiua mashine. Njia salama ni kuweka katikati kipunguza volti kilichopimwa kwanza kwa mita, kikiwa kimeunganishwa na mzigo mwingine, kama taa, kabla ya kukikabidhi mashine. Kipunguza hicho kiwe na nguvu ya kutosha, kwa sababu PlayStation 2 hula ampea nyingi kuliko redio au simu.

PlayStation 2 nene ya mwaka 2000 ina njia ya umeme ndani yake. Humo kuna kapasita kubwa, ambayo mafundi waliosoma kwa Kifaransa huiita kondansateri. Umeme wa 220 ukishanyooshwa hujaa humo kwa kiwango cha karibu volti 310, na unaweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Fundi mwenye akili husubiri, hupima, na ndipo huweka kidole. Televisheni za zamani zenye kioo kizito ni hatari zaidi: nyuma ya kioo cha rangi kuna volti zaidi ya 20,000, na sehemu ya umeme huo hubaki baada ya kuzimwa. Kijana anayejifunza nyumbani anaweza kufungua mashine ya gemu. Televisheni ya namna hiyo amwachie aliyefundishwa.

Joto nalo linahesabika. Kapasita za alumini zina majimaji ndani, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Chumba cha gemu chenye bati juu, watoto 20 ndani na mashine isiyozimwa tangu asubuhi ni mahali pabaya pa kuzeekea. Dalili zake ni hizi: kichwa cha kapasita kimevimba, kuna ukungu wa kahawia chini yake, sauti ina mngurumo, au mashine inawaka ikishapata joto tu. Mashine ndogo ya mkononi ya Sega, Game Gear ya mwaka 1990, inajulikana dunia nzima kwa ugonjwa huu: karibu kila iliyobaki hupoteza sauti au mwanga mpaka kapasita zake zibadilishwe.

Mwaka 2000: gunia la koltani na mashine mpya

Kapasita za alumini zina ndugu yao mdogo, aliye ghali na imara zaidi. Ni kapasita za tantali. Madini ya tantali yaligunduliwa mwaka 1802 na Anders Ekeberg wa Sweden, na kapasita kavu za tantali zilitengenezwa katika maabara ya Bell katika miaka ya 1950. Faida yake ni kuhifadhi umeme mwingi katika nafasi ndogo sana. Simu ndogo za mkononi na kompyuta za kubebwa zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1990, kila kiwanda kilizitaka.

Mwaka 2000 bei ya tantali iliruka. Ratili moja, yaani karibu nusu kilo, ilianza mwaka ikiwa katika dola 30 hadi 40. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa imepita dola 300. Tarehe 4 Machi ya mwaka huohuo Sony ilizindua PlayStation 2 nchini Japan. Kwa kuwa mambo mawili yalitokea pamoja, waandishi wengi wa nje walieleza vita vya Kivu kama vita vya PlayStation.

Maelezo hayo ni mafupi mno. PlayStation 2 ilikuwa mnunuzi mmoja katika msururu mrefu wa simu na kompyuta. Bei ilipanda pia kwa sababu wanunuzi waliogopa upungufu, wakaagiza kuliko walivyohitaji na kuweka akiba. Mtoaji mkubwa wa tantali wakati huo alikuwa Australia, na Kongo ilikuwa na sehemu ndogo ya soko. Na vita vilianza miaka minne kabla ya mashine hiyo kuzaliwa, kwa sababu za siasa, ardhi na uraia ambazo kila mzee wa Fizi anaweza kuzihesabu.

Hata hivyo pesa zilikuwa za kweli, na zilitafutwa kwa bunduki. Novemba 2000 uongozi wa RCD huko Goma uliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kuuza koltani nje. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, iliyotolewa tarehe 12 Aprili 2001, ilikadiria kwamba jeshi la Rwanda lilipata angalau dola milioni 250 kutokana na koltani ndani ya miezi 18. Vijana waliacha mashamba na shule wakaenda machimboni. Mwaka 2001 bei ikaporomoka kwa kasi ileile iliyopandia, na wengi walibaki na mashimo na madeni.

Fizi inajulikana kwa dhahabu zaidi kuliko koltani, na dhahabu haikuporomoka kama koltani. Lakini uchungu ulikuwa mmoja. Mchimbaji aliuza kwa bei ya porini, na kitu kilichotengenezwa kwa madini hayo kilimrudia kwa bei ya dukani, ikiwa kilimrudia kabisa. PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na utengenezaji wake ulikoma mwanzoni mwa 2013. Ilikuwa tayari mzee huko ilikotoka ilipokuwa ingali kijana katika vyumba vya gemu vya Afrika Mashariki na Kongo, watoto wakilipa kwa kila mechi ya mpira.

Sheria zilikuja baadaye. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni kueleza kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu wanayotumia vinatoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema, na akaruhusu tena Machi 2011. Kwa kaya zilizoishi kwa uchimbaji, ilikuwa nusu mwaka bila mapato. Yote hayo yaliamuliwa mbali na mtu mwenye chepeo na mbali na mtu mwenye chuma cha kulehemu.

Madini matatu juu ya mkeka

Kujua madini ni sehemu ya kujua ugonjwa, na hapa ndipo historia inapomsaidia fundi kazini.

Tantali huja kama kisanduku kidogo cha njano, rangi ya chungwa au nyeusi, chenye mstari upande mmoja. Mstari huo unaonyesha upande wa chanya. Kwenye kapasita ya alumini, mstari unaonyesha upande wa hasi. Aliyejifunza kwa alumini peke yake huiweka tantali kinyume, na tantali iliyowekwa kinyume inaweza kupasuka na kuwaka moto. Kufa kwake pia ni tofauti. Ya alumini hukauka na kufifia polepole. Ya tantali mara nyingi hufa ghafla kwa kuunganisha chanya na hasi, na mashine nzima hukataa kuwaka kana kwamba haina umeme. Fundi huzima kila kitu, hupima kati ya njia ya volti 5 na ardhi ya mashine, na akikuta njia imefunguka wazi kabisa, hutafuta kapasita iliyoungua au iliyo na kovu. Nyingine haionyeshi kovu. Huitoa moja moja mpaka kipimo kibadilike.

Bati limo katika kila kiungo. Waya wa kulehemu huitwa eteni na waliosoma kwa Kifaransa, na hilo ndilo jina la Kifaransa la bati lenyewe. Ule wa zamani una bati asilimia 60 na risasi asilimia 40, na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 183 hadi 190. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulikataza risasi katika vyombo vingi vya umeme, na viwanda vikahamia kwenye bati lililo karibu tupu, linalohitaji nyuzi zaidi ya 217. Mashine ya miaka ya 1990 hulehemiwa upesi kwa chuma cha kawaida. Mashine ya baadaye hukataa, na fundi asiyejua sababu huongeza joto mpaka njia za shaba zinabanduka kwenye ubao. Dawa ni kuongeza kidogo waya wa zamani juu ya kiungo kipya, vichanganyike, viyeyuke kwa joto la chini. Risasi ni sumu. Aliyelehemu hunawa mikono kabla ya kula, hufungua dirisha, na huwaweka watoto wadogo mbali na meza.

Dhahabu imo mahali pawili: ndani ya vipande vya kompyuta, kama nyuzi nyembamba kuliko unywele, na kwenye meno ya kaseti nzuri. Ilichaguliwa kwa sababu haishiki kutu. Tabaka lake ni jembamba mno, na hapo ndipo watu wengi huliharibu wenyewe. Kaseti ikikataa kusoma, mtoto huipuliza kwa mdomo. Mara nyingi inafanya kazi, kwa sababu kuitoa na kuirudisha kumeyasugua meno, si kwa sababu ya pumzi. Pumzi huacha unyevu, na unyevu huleta kutu kwenye kaseti za bei ndogo zisizo na dhahabu ya kutosha. Kusugua kwa msasa ni kuondoa dhahabu yote. Njia nzuri ni pamba na alikoli ya famasi ya nyuzi 90, kupitisha polepole, kisha kuacha ikauke kabisa.

Jicho la leza

Kwa mashine za diski, ugonjwa mkuu ni jicho la leza. PlayStation za kwanza kabisa zilikuwa na reli ya plastiki iliyolika kwa joto, jicho likainama, na wachezaji katika nchi nyingi wakagundua kwamba mashine inasoma ikigeuzwa juu chini. PlayStation 2 hutoa ujumbe wa kushindwa kusoma diski.

Utaratibu wa kuiponya uko hivi. Kwanza jaribu diski nyingine, kwani diski yenye michubuko huilaumu mashine bure. Pili safisha lenzi kwa pamba yenye alikoli kidogo, bila kukandamiza. Tatu ondoa vumbi na grisi iliyokauka kwenye reli, weka grisi mpya kidogo. Nne angalia utepe mwembamba unaounganisha jicho na ubao, kama umekaa sawasawa. Kuna skrubu ndogo pembeni ya leza ambayo wengine hukimbilia kuizungusha. Kuizungusha huongeza nguvu ya leza: mashine husoma tena kwa muda, na leza hufa mapema zaidi. Hiyo iwe hatua ya mwisho, na mwenye mashine aambiwe kabla.

Leza ikifa kabisa, mashine bado ina maisha. Kuna programu ya bure iitwayo Free McBoot inayokaa ndani ya kadi ya kumbukumbu na kuiruhusu PlayStation 2 kuanza bila diski. Ikiwa pamoja na Open PS2 Loader, mashine husoma michezo kutoka kwenye flashi ya USB. Mlango wa USB wa mashine hiyo ni wa zamani na wa polepole, kwa hiyo filamu za katikati ya mchezo hukwama, lakini mechi ya mpira huchezeka. Modeli za mwisho kabisa, zile za 90000, nyingi hazikubali Free McBoot. Ndiyo maana mnunuzi mwerevu sokoni husoma kibandiko cha chini kabla ya kutoa pesa.

Kinachobaki hapa

Katika safari yote ya madini haya, faida kubwa hukaa mahali pengine: kwenye kiyeyushio, kiwandani, dukani. Sehemu iliyofanyika Baraka kwa mikono ya watu wa Baraka ni matengenezo. Ujuzi huo haukuletwa na mradi wowote. Ulitoka kwenye redio, ukapita kambini na masokoni, na mtu mmoja akamwonyesha mwingine.

Ujuzi wa namna hiyo hupotea upesi. Fundi akihama, akikimbia vita au akifa, anaondoka na kila kitu alichokuwa anakijua. Daftari la kawaida la shule linatosha kuuhifadhi: modeli ya mashine, dalili, kipimo kilichopatikana, kilichobadilishwa, na kama mashine ilirudi tena na ugonjwa uleule. Mwanafunzi wa shule ya ufundi akisoma kurasa 50 za daftari kama hilo anajua mengi kuliko aliyesoma nadharia peke yake bila kugusa mashine.

Kuna pia swali la takataka. Kioo cha televisheni ya zamani kina risasi, betri zina asidi, na kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu. Vitu hivyo vikitupwa kwenye mifereji, mvua huvishusha ziwani, ambako mji mzima huchota maji na kuvua samaki. Mashine isiyotengenezeka ni heri ikae kwenye kisanduku cha fundi. Humo bado ina kidhibiti cha volti, manete, mota ya diski, feni, fyuzi na skrubu. Katika mashine mbili mbovu za modeli moja, mara nyingi fundi hupata moja nzima, na vipande vinavyobaki huvitia kwenye mkebe kwa ajili ya ile itakayoletwa kesho.